Kansa ya Ovari na Jeni za Ukoo: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Mama yangu alianza kuvimba tumbo mwezi wa tatu. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo, afu za minyoo, afu za gesi, mpaka mwezi wa kumi ndo mtu mmoja akamlaza kitandani akampiga utrasaundi akaona tumbo limejaa maji. Alikua na miaka 51. Kwenye msiba ndo bibi akatuambia kumbe hata mama mkubwa, yule aliyefariki kijijini mi niko darasa la pili, tumbo lilimjaa maji hivohivo na watu wakasema karogwa. Hiyo habari imekaa kwenye ukoo wetu miaka 20 na zaidi, na hakuna aliyejua ina maana gani. Baadae nikapimwa jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, nikakutwa nimerithi jeni ya BRCA1 yenye hitilafu, moja ya zile zinazoongeza hatari ya kansa ya ovari.

Mi sio daktari. Haya nimejifunza kwa kuuguza, kwa kusoma na kwa kuwauliza madokta mpaka wakanizoea, kwahiyo cha mwili wako amua na dokta anayekuona wewe. Ila ukishamaliza kusoma hapa utaenda ukiwa unajua cha kuuliza.

Kansa ya ovari ndo hiyohiyo ya shingo ya kizazi?

Hapana, na huku kuchanganya kunaumiza watu. Ovari ni vile vifuko viwili vidogo vinavyotunza mayai ya mwanamke, kimoja kulia kimoja kushoto, viko ndani kabisa ya nyonga. Shingo ya kizazi iko chini, ndo ile wanaichungulia kliniki wakipaka siki, na kansa yake inaletwa na kirusi cha HPV. Chanjo ya HPV wanayochomwa mabinti haizuii kansa ya ovari, na ukipimwa shingo ya kizazi ukaambiwa uko salama haimaanishi ovari zimeonekana. Mama alikua na kadi yake ya kupimwa, safi kabisa, tukawa tunaitegemea hiyo.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui, aina inayoua wanawake wengi zaidi, hata kama inaitwa ya ovari, mara nyingi chanzo chake sio ovari yenyewe. Inaanzia kwenye mirija ya uzazi, kule mwishoni kwenye vidole vinavyopokea yai, halafu seli zinadondokea kwenye ovari na kwenye utando wa tumbo. Hii kitu imebadilisha hata upasuaji wa kinga, ntaelezea mbele.

Dalili zake ni zipi? Maana wanasema haina dalili.

Inazo, shida ni kwamba zinafanana na magonjwa ya kila siku. Tumbo kujaa na kuvimba, kushiba haraka yaani unakula vijiko vitatu umeshiba, maumivu ya nyonga au tumbo la chini, na kukojoa mara kwa mara au kubanwa ghafla. Wengine wanapata choo kigumu, wengine mgongo, wengine damu wakati hedhi ilishakoma.

Kinachotofautisha ni kurudiarudia. Kama dalili hizi ni ngeni kwako, zimeanza ndani ya mwaka huu, na zinakusumbua zaidi ya siku 12 ndani ya mwezi, usikubali kupewa dawa ya gesi kwa mara ya tatu bila kupimwa utrasaundi ya nyonga. Huyo aliyemtibu mama vidonda vya tumbo hakua mtu mbaya, alikua na foleni ndefu nje na vidonda vya tumbo ndo anavyoviona kutwa nzima. Lakini mwanamke wa miaka 50 ambaye sketi hazifungi huku mikono na mashavu vinakonda, hapo kuna kitu. Na TB ya tumbo nayo inajaza maji hivohivo, watu wameshaanzishiwa dawa za TB kumbe ni kansa, na wengine wameambiwa kansa kumbe TB. Ndo maana maji yakitolewa lazima yapelekwe maabara yaangaliwe seli, yasimwagwe tu.

Sasa jeni inaingiaje hapo?

Kila seli ya mwili wako ina DNA, ule uzi uliobeba jeni zako, na kila siku hiyo DNA inapata michubuko na kukatika. Ni kawaida, mwili una mafundi wa kurekebisha. BRCA1 na BRCA2 ni jeni zinazotengeneza protini za hao mafundi, hasa wa kazi ngumu, pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika kwa pamoja. DNA imefungwa kwenye mafungu yanayoitwa kromosomu, BRCA1 iko kwenye ya 17 na BRCA2 kwenye ya 13. Mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, ndo alionyesha mwaka 1990 kwamba kuna jeni kwenye kromosomu ya 17 inayopita kwenye familia zenye kansa ya matiti, wakati ule wanasayansi wengi walikua hawaamini kabisa kwamba kansa ya kawaida namna hiyo inaweza kufuata jeni moja. BRCA1 yenyewe ikapatikana 1994, BRCA2 mwaka uliofuata.

Kila mtu anazo hizi jeni, wanaume pia. Mtu akisema "nina BRCA" anamaanisha nakala yake moja ina hitilafu. Una nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Ukizaliwa na moja mbovu, ile nzima inaendelea kufanya kazi miaka na miaka, mpaka siku kwenye seli moja ile nzima nayo inaharibika, na hapo ile seli inabaki haina fundi, makosa yanarundikana.

Sio BRCA peke yake. Kuna familia zenye sindromu ya Lynch, hizo zina kansa ya utumbo mpana, ya mji wa mimba na ya ovari pamoja. Kuna jeni nyingine kama RAD51C, RAD51D na BRIP1. Na wanawake wengi wenye kansa ya ovari hawajarithi chochote, yaani kwa hii aina ya kawaida iliyo kali, kama 15 mpaka 20 kati ya 100 ndo wamerithi BRCA mbovu. Lakini 15 au 20 kati ya 100 ni wengi sana kwa ugonjwa ambao tunauzika bila kuuliza swali.

Inatoka upande wa mama tu, si ndiyo?

Hapana!! Hili naomba mlisome mara mbili. Inatoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba hana ovari kwahiyo hauoni kwake, ila anaweza kua ameipokea kwa mama yake na kukupa wewe. Ukiulizwa historia ya familia ukataja mama na mama wadogo tu ukaacha mashangazi na bibi mzaa baba, umetoa nusu ya habari.

Kila mtoto ni kama kurusha shilingi, kichwa au mwenge, 50 kwa 50, na kila mtoto anarushiwa yake. Usiseme "dada kashaichukua basi mimi nimepona". Na kwa familia zetu kuna jambo ambalo huwezi kulikuta kwenye vipeperushi vya Ulaya, kama baba ndo ana hiyo jeni na ana wake wawili au ana watoto wa nje, watoto wote wa mama wote wanahusika. Kuna dada mmoja aliniambia hawaongei na watoto wa mama mwingine tangu mirathi ya mzee. Nikamwambia hiyo mirathi ya shamba iacheni mahakamani, hii nyingine lazima uwapigie simu.

Wanaume wenyewe pia wako kwenye hatari, hasa BRCA2, inawaongezea kansa ya tezi dume, ya matiti (ndiyo wanaume wanapata) na ya kongosho.

Ukikutwa nayo ndo lazima utaugua?

Sio lazima. Mwanamke wa kawaida, kwa takwimu za Marekani na Uingereza, hatari yake ya kansa ya ovari maisha yake yote ni kama 1 mpaka 2 kati ya 100. Mwenye BRCA1 mbovu, mpaka afike miaka 80, ni kama 44 kati ya 100. BRCA2 ni kama 17 kati ya 100. Kansa ya matiti kwa zote mbili ni kama 70 kati ya 100. Ni namba za kutisha, nilipoziona kwa mara ya kwanza nilizima simu nikaenda kukaa uani. Lakini zinasema pia kwamba zaidi ya nusu ya wenye BRCA1 hawapati kansa ya ovari, na kwamba kuna muda wa kufanya kitu, kwasababu kwa BRCA1 hatari inaanza kupanda baada ya miaka 40 hivi, kwa BRCA2 inachelewa zaidi.

Nani anatakiwa kupimwa?

Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Miongozo ya kimataifa inasema kila mwanamke mwenye kansa ya ovari ya aina ya kawaida apimwe jeni, hata kama ukoo wake hauna historia yoyote. Sababu mbili, majibu yanabadilisha dawa zake, na yanawaambia ndugu zake kama wana haja ya kupima. Ukianza na mtu mzima wa afya ambaye mgonjwa wa ukoo hajapimwa, majibu yakitoka hayana kitu unabaki hujui, je hujarithi au ukoo wenu una jeni nyingine ambayo haikutafutwa.

Sisi tulichelewa hapo. Mama aliishi miezi 14 baada ya kugundulika na hakuna hata siku moja mtu alinitajia neno jeni. Kwahiyo nakuomba wewe ambaye mama yako, dada yako, mke wako bado yupo, kauliza. Kama ameshafariki, uliza kama maabara bado wana kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta baada ya operesheni, vile vipande vinakaa miaka na saa nyingine vinaweza kupimwa.

Kwa mtu ambaye haumwi, fikiria kupima kama kwenye ukoo, upande wowote, kuna kansa ya ovari, au kansa ya matiti chini ya miaka 50, au mtu mmoja aliyepata zote mbili, au mwanaume mwenye kansa ya matiti. Na kwa ukoo zetu ongeza hii, kuna mama au shangazi "aliyefariki kwa tumbo kujaa maji" na hakua mlevi wala hakua na ugonjwa wa ini.

Wanapima wapi na ni bei gani?

Kipimo ni damu tu au mate. Kwetu mara nyingi sampuli inasafirishwa nje ya nchi na majibu yanachukua wiki kadhaa. Bei inategemea maabara, kwahiyo sitaandika namba hapa ikakudanganya, ila jua imeshuka sana. Zamani kampuni moja ya Marekani, Myriad, ilikua na hatimiliki ya hizi jeni na kipimo kilikua zaidi ya dola 3,000. Mwezi wa sita 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua DNA ya asili haiwezi kumilikiwa na mtu, maabara nyingine zikaingia, sasaivi kuna wanaopima kwa dola mia kadhaa. Bado ni hela nyingi kwa mtu wa kawaida, najua. Anza kuuliza hospitali yenye idara ya kansa, Ocean Road kwa Dar, Bugando Mwanza, KCMC Moshi, kwa Kenya kuna Kenyatta na Moi kule Eldoret, Uganda kuna Uganda Cancer Institute pale Mulago. Uliza pia kama kuna utafiti unaoendelea, watafiti wakati mwingine wanapima bure.

Jambo moja la kujiandaa nalo, unaweza kuambiwa kimeonekana kibadiliko "kisichojulikana maana yake". Sio kwamba una kansa, sio kwamba una hatari. Inatokea zaidi kwa sisi Waafrika kwasababu kumbukumbu za jeni duniani zimejaa watu wa asili ya Ulaya, kwahiyo kitu cha kawaida kabisa kwetu wao hawajakiona. Usikubali kutolewa ovari kwa majibu ya namna hiyo peke yake. Hifadhi karatasi, uliza tena baada ya mwaka au miwili, maana tafsiri zinabadilika.

Si bora nipige utrasaundi na CA-125 kila mwaka nikae na amani?

Natamani ningesema ndiyo. Uingereza walifanya utafiti mkubwa, wanawake zaidi ya 200,000, wengine wakapimwa kila mwaka kwa utrasaundi au kwa damu, wakafuatiliwa miaka mingi, na majibu yaliyotoka 2021 yakaonyesha kupima hakukupunguza vifo. Ugonjwa unasambaa mapema mno, unatoroka kati ya kipimo na kipimo.

CA-125 ni protini kwenye damu, inapanda kwa wengi wenye kansa ya ovari, ila inapanda pia kwa uvimbe wa faibroidi, endometriosisi, TB ya tumbo, maambukizi ya nyonga, mimba, hata hedhi. Nimeshapigiwa simu saa 4 usiku na binti wa miaka 26 analia, CA-125 yake ni 60, mwisho wa kawaida ni 35, kumbe alipima akiwa kwenye siku zake. Kazi yake nzuri ni kwa mwenye dalili au mwenye uvimbe tayari, na kufuatilia kama dawa zinafanya kazi.

Binti yangu ana miaka 16 ana uvimbe kwenye ovari, ni hii hii?

Kwa mabinti kansa ya ovari ni nadra, na ikitokea mara nyingi ni aina nyingine kabisa, inaanzia kwenye seli zenyewe za mayai. Haihusiani na BRCA, na inatibika vizuri sana. Inakua haraka, ila wengi mno wanapona kabisa hata ikiwa imesambaa, na kawaida wanatoa ovari moja tu wanaacha kizazi na ovari ya pili, binti anakuja kuzaa.

Naandika hili kwa uchungu kwasababu baadhi ya hizi kansa zinatoa homoni ileile ya mimba, kipimo cha mkojo kinasoma ana mimba. Binti wa kidato cha pili tumbo limevimba, kipimo kinasema mimba, anapigwa, anafukuzwa shule, anaulizwa ni nani. Apigwe utrasaundi kwanza jamani.

Matibabu yanaanzaje?

Nguzo mbili, operesheni na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za kansa. Operesheni inayotakiwa ni kubwa, wanatoa kizazi, ovari zote mbili, mirija, na ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, afu wanatafuta kila punje ya kansa inayoonekana kwa macho. Kinachoamua sana ni kilichobaki baada ya kufunga tumbo. Waliotolewa yote inayoonekana wanaishi muda mrefu zaidi kuliko walioachiwa mabaki. Kwahiyo swali la kumuuliza dokta sio "utanipasua lini" tu, uliza hii operesheni ya kansa ya ovari umefanya kwa wangapi, na kama kuna daktari bingwa wa kansa za wanawake basi usubiri umpate huyo, kusubiri wiki mbili kwa mtu sahihi ni bora kuliko kupasuliwa kesho na mtu ataefungua, aone mambo magumu, afunge.

Kama imesambaa sana au mgonjwa amedhoofika wanaanza na kemo mizunguko 3, inapungua, wanapasua, wanamalizia 3. Huo ni utaratibu halali, msifikiri mmekataliwa.

Mawili ya kuwa makini. Uvimbe unaotiliwa shaka kwenye ovari usichomwe sindano kunyonya maji ili "ujaribiwe", ukipasuka unaweza kumwaga seli tumboni (kutoa maji ya tumbo lililojaa ili mtu apumue ni kitu tofauti, hiyo inaruhusiwa). Na kila kilichotolewa kiende patholojia. Kila kitu. Watu wanakabidhiwa ndoo wanaambiwa angalieni uvimbe wa mgonjwa wenu, wanaupiga picha, afu haufiki maabara, na bila majibu ya maabara hakuna anayejua ni aina gani na hatua ya ngapi.

Hatua zenyewe ziko 4. Kwa takwimu za Marekani, ikikutwa bado iko kwenye ovari tu zaidi ya 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5, ikishasambaa mbali ni kama 3 kati ya 10. Wengi wanakutwa imeshasambaa.

Kemo ni dawa gani na inafanyaje?

Kaboplatini na paklitakseli, dripu kila baada ya wiki 3, jumla mizunguko 6. Zote ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwahiyo sio dawa za kufuata India, zipo hapa.

Kaboplatini ina madini ya platinamu ndani, inaenda kugandisha nyuzi za DNA pamoja mpaka seli inashindwa kujigawa. Ile dawa iliyotangulia, sisplatini, iligunduliwa 1965 na Barnett Rosenberg kule Michigan ambaye alikua anachunguza umeme unavyoathiri bakteria, bakteria wakaacha kujigawa, akagundua sio umeme ni platinamu inayotoka kwenye vyuma vyake. Na hapa jeni inarudi tena, mwenye BRCA mbovu kansa yake haina fundi wa kurekebisha DNA, kwahiyo mara nyingi platinamu inampiga vizuri zaidi.

Paklitakseli ndo inayonyoa nywele, zinaanza kutoka wiki ya pili ya tatu hivi, na zinaota tena. Inaleta ganzi na kuchomachoma vidoleni, mwambie dokta mapema usijikaze, maana ikizidi inaweza isiishe. Mama alikua hawezi kufunga vifungo vya blauzi na hakusema, alidhani ndo gharama ya kupona. Na homa ya 38 ukiwa kwenye kemo sio ya panadol na kulala, ni ya kwenda hospitali usiku huohuo, kinga iko chini.

Na hivi vidonge vinavyoitwa olaparibu?

Hivi ndo vimefanya kupima jeni kuwe na maana kwa mgonjwa mwenyewe. Chukulia seli ni ngalawa inayovuja na ndani kuna watu wawili wanachota maji wanayamwaga nje. Mmoja ni BRCA, mwingine anaitwa PARP. Kansa ya mwenye BRCA mbovu imeshampoteza mtu mmoja, inaelea kwa nguvu za yule mwingine tu. Olaparibu inamzuia huyo PARP, ngalawa inazama. Seli zako nzima bado zina BRCA inayofanya kazi kwahiyo zinaendelea kuelea. Wazo hili lilithibitishwa maabara 2005, na dawa ikaidhinishwa Marekani na Ulaya mwishoni mwa 2014.

Inatumika baada ya kemo ya kwanza kuitikia, vidonge kila siku mpaka miaka 2. Kwenye utafiti wa wanawake 391 wenye BRCA, baada ya miaka 7 waliopewa olaparibu 67 kati ya 100 walikua hai, waliopewa vidonge visivyo na dawa ni kama 46. Kwa ugonjwa huu hiyo ni tofauti kubwa mno. Inachosha, inaleta kichefuchefu na upungufu wa damu, na mara chache sana kansa ya damu, kwahiyo damu inapimwa kila mwezi mwanzoni. Bei yake ni kubwa sana kwetu na bima nyingi hazibebi, lakini ukiwa na majibu ya jeni mkononi angalau una cha kuombea, iwe kwa bima, kwa programu za msaada za watengenezaji au kwa majaribio ya dawa. Bila majibu mlango hata hauugusi.

Kuna nyingine za kundi hilo kama niraparibu, na kuna bevasizumabu ya dripu ambayo inazuia kansa isijitengenezee mishipa ya damu.

Ikirudi?

Kwa wengi waliokutwa imesambaa inarudi, samahani kwa kusema wazi. Wanaangalia imekaa muda gani tangu kemo ya mwisho. Ikipita miezi 6 na zaidi platinamu mara nyingi inafanya kazi tena, ikirudi kabla ya hapo wanabadilisha dawa. Watu wanaishi miaka wakitibiwa hivyo, wanarudi shambani, wanaozesha watoto. Na dawa ya maumivu, morfini ya maji, ni haki ya mgonjwa kwenye hatua yoyote, mgonjwa wa kansa hatakiwi kuambiwa avumilie.

Mitishamba je? Stafeli, mlonge, majani ya mpapai?

Sitamcheka mtu, na sisi tulichemsha. Hiyo paklitakseli yenyewe imetoka kwenye gome la mti, gome lilikusanywa Marekani 1962 na dawa ikaidhinishwa kwa kansa ya ovari 1992, miaka 30 ya kutafuta kiasi gani kinaua kansa bila kuua mtu. Stafeli hajapitia hiyo njia. Kinachoniogopesha ni dawa za kuchemsha kugongana na kemo kwenye ini na figo, na miezi inayopotea. Kama unatumia kitu mwambie dokta, hata akikunja uso, mwambie.

Nina BRCA, nifanye nini nisiugue?

Kinga yenye nguvu zaidi ni kutoa ovari na mirija yote kabla, ukishamaliza kuzaa. Kwa BRCA1 wanashauri kati ya miaka 35 na 40, BRCA2 unaweza kusubiri mpaka 40 hadi 45. Inapunguza hatari ya kansa ya ovari kwa takriban 80 kati ya 100. Lazima mirija itoke na yenyewe, na waikate vipandevipande maabara, maana kansa huanzia huko na wakati mwingine wanaikuta tayari, ndogo kabisa. Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, alifanya hivi 2015 akiwa na miaka 39, ana BRCA1, mama yake alifariki na miaka 56.

Gharama yake ni kukoma hedhi siku hiyohiyo, joto, usingizi kukimbia, ukavu, mifupa kulegea. Kama hujawahi kuugua kansa ya matiti unaweza kupewa homoni mpaka umri wa kawaida wa kukoma hedhi. Mi nina 36, nina mtoto mmoja, na mimi na mume wangu tumekubaliana tujaribu wa pili ndani ya miaka miwili halafu niende. Kuna watu kanisani wameniambia nakata nilichopewa na Mungu. Nimeosha mgongo wa mama yangu mpaka nikawa nahesabu mifupa, kwahiyo nitaenda.

Vidonge vya uzazi wa mpango pia vinapunguza hatari ya kansa ya ovari, na kadri ulivyovitumia miaka mingi ndo inapungua zaidi. Najua mtaani wanasema vinaleta uvimbe, kwa ovari ni kinyume chake. Ila kwa mwenye BRCA kuna suala la matiti, lijadiliwe na dokta kwanza. Kufunga mirija, kuzaa na kunyonyesha navyo vinasaidia.

Nimepata majibu. Ndugu nawaambiaje?

Usianze kwenye kikao cha ukoo, anza na mmoja mmoja. Mi nilianza na simu kwa bibi, nikamuuliza tu majina, nani alifariki, na umri gani, alikua anaumwa wapi, nikaandika kwenye daftari la hesabu. Akanitajia wanawake wanne. Wadogo zake mama wawili walikubali kupima, mmoja hataki hata nilitaje na nimemwachia namba ya dokta. Kaka yangu alisema haya ni mambo ya wanawake, ikachukua miezi mitano, akaja kupima kimyakimya na majibu yakatoka anayo. Ana mabinti watatu. Mkubwa ana miaka 9, na watoto hawapimwi hii jeni mpaka wawe watu wazima waamue wenyewe, kwahiyo kaka ametoa kopi ya majibu yake akaiweka kwenye bahasha moja na vyeti vyao vya kuzaliwa.